Dawa ya Choo cha Kikundi

Shangazi Apondi, naomba unishauri kabla ya Jumamosi,

Mimi ni mwenyekiti wa usafi wa kikundi chetu cha kina mama hapa Shauri Moyo, tuna choo cha kulipia ambacho uchafu wake huingia kwenye tangi chini ya ardhi na kutoa gesi, na kwa gesi hiyo mwenzetu Halimo hupika chapati za kuuza, sasa mimi tangu nichaguliwe nimekuwa nikimwaga humo lita tano za dawa ya kuua viini kila asubuhi, ile kali ya kutoa machozi, mpaka kikundi kikanipa cheti. Basi choo kikaanza kunuka, nikaongeza dawa, kikanuka zaidi, nikaongeza tena, gesi ikaisha, Halimo akarudi kwenye makaa, nami mkutanoni nikasema ni uvivu wa mzee Okumu anayeosha choo. Juzi fundi aliyekuja kukagua tangi alinivuta kando akasema, "Mama, hivyo viini ndivyo vinavyokula uchafu na kuleta gesi. Umeviua vyote. Na hiyo dawa haiishii hapa, inatoka na maji hadi mtoni, inaendelea kuua huko." Nilimnunulia soda anyamaze. Jumamosi Okumu anafutwa kazi na mimi ndiye wa kusoma barua. Nifanye nini nisiaibike?

Nthoki

Nthoki dada yangu,

Kuaibika utaaibika, hilo tulimalize kwanza. Dawa nakuelewa, wengi wetu tumelelewa tukiamini usafi ni ile harufu. Lakini kumsingizia mzee wa watu hukufundishwa na mtu. Umeua wafanyakazi wote wa tangi, amebaki mmoja mwenye ufagio, naye unamwandikia barua.

Nenda kwake leo, ukiwa na Halimo, umwombe msamaha. Jumamosi isome barua hiyo, ila palipo na jina lake weka lako. Dawa iliyobaki usiimwage mtaroni, najua ulishaanza kuwaza hivyo. Irudishe dukani ikiwa imefungwa. Choo kisuguliwe kwa brashi na maji, sabuni kidogo tu.

Halafu muulize fundi namna ya kulifufua tangi. Atakutuma Kiamaiko, kwenye machinjio, kuchukua mavi mabichi ya mbuzi, yaliyojaa viini vizima. Ndoo utaibeba wewe, mwenyekiti wa usafi, na mzee Okumu atakuonyesha pa kumwaga.

Shangazi Apondi