Fremu Uliyomchagulia Neema

Baba Neema,

Watu wakiandika barua za namna hii huanza na "mpendwa". Nimekaa hapa jikoni Merrylands, Sydney, tangu chai ikiwa moto, sasa imepoa, na neno hilo limekataa kutoka. Nakuita kwa jina ulilopewa na mtoto, kwa maana ndilo pekee ambalo bado linakuhusu. Na barua naiacha wazi. Wasome na wale wa kanisani ambao kila Jumapili huniuliza hali yako, nami hujibu kwamba u mzima na unawasalimu, wakati hujamsalimu mtu yeyote. Nimechoka kukusemea.

Nakumbuka ulivyokuwa. Ningependa kusema ulikuwa baba wa hovyo tangu mwanzo, lakini haikuwa hivyo. Asubuhi za Julai, baridi imekaza, ulimtoa Neema kitandani mkaenda kuzunguka na baiskeli kwenye nyasi zenye matope kando ya mfereji. Ulimfundisha huo mchezo wenu wa saiklokrosi: mnakimbizana matopeni, mkifika kwenye kizuizi mnaruka chini, mnabeba baiskeli begani, mnakimbia, mnapanda tena. Mimi niliona ni kujitafutia taabu. Mlirudi wachafu kama viazi vilivyong'olewa sasa hivi, mkaziosha baiskeli zote mbili ndani ya bafu letu, nikawagombeza, mkacheka. "Mama Neema, hata matope ni ya Mungu," ulisema. Nikacheka nami, brashi mkononi. Nilikupenda sana siku zile, na inaniudhi kwamba bado nakumbuka.

Halafu ukaenda Perth, magharibi kabisa mwa Australia, kazi ya miezi mitatu kwenye kambi ya migodi. Korona ikaingia, mipaka ya majimbo ikafungwa, ukapata kisingizio kilichopigwa muhuri na serikali. Mwanzoni nilikuhurumia. Nilitoka shifti kwenye nyumba ya wazee, barakoa imenichora mashavu, nikakupigia simu kukupa pole wewe. Lakini mpaka ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, na kila ukifunguliwa wewe ulikuwa huna likizo. Mwenzako mmoja wa kambini, Mkongomani, alirudi kwa mkewe hapa Blacktown mara mbili. Nilimkuta dukani ananunua unga wa fufu. Aliponiona alijifanya anasoma bei, maskini, akiona aibu kwa niaba yako.

Sasa tuje kwenye fremu ya baiskeli. Neema alikuwa ameipita ile baiskeli yake ya utotoni, na mwaka ule baiskeli zilikuwa hazishikiki, maana kila aliyefungiwa nyumbani alitaka kuendesha. Duka moja likaniambia limepata baiskeli mbili za fremu ya alumini, aina moja, bei nafuu, tena bei ileile. Moja ilimtosha Neema. Nyingine ilikuwa ya mtu mzima mrefu. Yule muuzaji alimpima mtoto taratibu, akasema chukueni hii ndogo. Kazi ilikuwa imekwisha pale. Mimi nikasema hebu subiri, nimpigie baba yake kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Jambo la mtoto halifungwi mpaka baba aseme, hata baba akiwa upande wa pili wa nchi, amelala. Ukaamka, ukapiga miayo, ukauliza, "Bei ni moja? Basi chukua kubwa. Atakua."

Atakua. Kama sweta ya shule kwetu Nakuru, ile tuliyonunuliwa darasa la nne ili itufikishe la nane. Nilikuelewa mara moja, na huo ndio ujinga wangu, maana muuzaji hakutuelewa hata kidogo. Sweta kubwa unakunja mikono. Fremu haikunjwi. Na wewe ulijua, kwa sababu kati yetu wewe ndiye uliyekuwa mshindani. Ulijibu haraka ili urudi kulala.

Neema alinivuta pembeni. "Mum, it's too big. Hata breki sizifikii vizuri." Nikamwambia baba yako anajua. Maneno hayo niliyasema mimi, na hayo siwezi kukubambikia.

Shindano lilikuwa upande wa Penrith, muda mfupi kabla ya kufungiwa kule kukubwa. Mzunguko wa pili, Neema akafika kwenye kizuizi, akapitisha mguu nyuma ashuke kama ulivyomfundisha. Mguu haukufika chini. Bomba la juu la fremu likamnasa, akaanguka ubavu, baiskeli ikamjia juu. Mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika. Hospitalini waliruhusu mzazi mmoja tu, nikashukuru angalau hapo hakuna aliyeniuliza mwingine yuko wapi. Nikakupigia pale koridoni, kitanda cha Neema kando yangu. Nilikuwekea sauti kubwa ili mtoto asikie baba yake.

"Fremu haijapinda?" ulisema.

Uliuliza habari za mkono baadaye, najua. Usinikumbushe. Neema aligeuza uso ukutani kabla hujafika huko, na kwa muda mrefu hakuzungumzia tena mashindano.

Wakatufungia. Mtaa wetu ulibanwa kuliko mitaa ya baharini, mwisho kilomita tano kutoka nyumbani, helikopta juu ya vichwa, mimi na kibali changu cha kazi nikipanda treni tupu. Nilirudi nikamkuta mtoto na mkono wake kwenye kitambaa, anaangalia dari. Jioni moja nikamwambia avue viatu, asimame wima ukutani, abane kitabu katikati ya mapaja hadi juu kabisa. Nikachora mstari wa penseli kwenye ukuta wa mwenye nyumba. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema nachagua fremu.

"Si umuulize Dad?"

"Simuulizi."

Akakibana kile kitabu vizuri zaidi, nikapima upya urefu wa miguu yake.

Kwa hiyo nakueleza, bwana mtaalamu, jinsi mwanamke anayefua mashuka ya wazee alivyochagua. Kaboni niliikataa, kwa kuwa iliyotumika inaweza kuwa na ufa nisioujua, na mpya haikuwa saizi ya mfuko wangu. Alumini. Nafasi ya kutosha kati ya tairi na uma unaoshika gurudumu, matope yapite bila kukwama. Bomba la juu liwe bapa kwa chini, lisimchome begani anapobeba, na nyaya zipite juu yake. Breki za diski, maana asubuhi za mvua breki za kubana rimu hunitia hofu. Na matundu ya kufungia madigadi ya kuzuia matope, kwa sababu sina uwezo wa baiskeli mbili, hiyohiyo ya mashindano ndiyo ya kwenda stesheni kipindi chote cha baridi. Lakini kwanza kabisa: akisimama juu yake, nyayo zote mbili ziwe chini. Walionionyesha fremu nzuri zaidi iliyomzidi kidogo, niliwaaga.

Walipotufungulia tuliipata baiskeli yenye fremu hiyo kwa mama mmoja wa Penrith. Imechubuka, rangi yake ya kijani si ya kujivunia. Neema akaipanda pale uani, miguu yote chini. Akaiinua, akaiweka kwenye bega lilelile lililovunjika, akazunguka nayo mbio kamba ya nguo. Nililia ndani ya barakoa mbele ya mtu nisiyemjua.

Ile kubwa uliyoichagua wewe nilimpa mwalimu mmoja mrefu. Inamfaa sana.

Sasa mipaka iko wazi, na wiki hii umekumbuka namba yangu. Umeona picha ya Neema mahali, ukaniandikia kwamba fremu ni ndogo, ataipita muda si mrefu. Umesema unakuja Sydney, nikutumie siku na mahali pa shindano ukamshangilie, iwe ni surprise.

Mimi na Neema hatufanyiani mambo ya ghafla tena. Nilimsomea ujumbe wako neno kwa neno. Alikuwa anafungua madigadi kwa ajili ya mashindano, hakuinua kichwa.

"Tell him I quit."

Nikamwambia sitamdanganya baba yake kwamba ameacha mashindano, hata baba huyu. Akamaliza skrubu ya mwisho, akaifuta mikono kwenye suruali.

"Basi mwambie ukweli. Mwambie nashindana, na sitaki aje."

Nimekwambia. Kaa salama, hukohuko.

Mama Neema