Nilikutumia Matairi Manne

Suna, Migori
Jumanne, 4 Machi 2025

Mkwe wangu Levi,

Pokea salamu kutoka hapa dukani. Natumaini hujambo, na goti la mama yako limepata nafuu. Sisi tu wazima, ila vumbi linatumaliza. Omanga wa samaki ndiye anakuletea barua hii, na umpe jibu akirudi kuchukua mzigo.

Naandika kwa sababu nikikupigia simu nitapiga kelele, na kwetu Kegonga mama mkwe hampigii mkwe kelele. Najua kwenu Wajaluo ni hivyo hivyo. Basi nimechukua kalamu.

Levi, nilikutumia matairi manne. Manne! Ya mpira laini, ya mbio, yanayoshika lami. Mwanangu Celestine amenitumia picha ya ile Starlet yenu ya mashindano mkifanya mazoezi, nami baada ya miaka yote dukani nalitambua tairi upesi kuliko ninavyomtambua mtu. Mbele kuna mawili yangu. Nyuma kuna yale magumu ya zamani, ya kwendea shamba. Mengine mawili yako wapi? Yamefungwa kwenye gari la nani?

Gari ambalo mbele linashika na nyuma linateleza litawaumbua. Siku Celestine akiingia kona kwa kasi halafu aachie mafuta ghafla, nyuma itataka kupita mbele, na hapo usukani hausaidii kitu. Simwandikii yeye kwa sababu kazi yake ni kuendesha, na nikimwambia jambo anacheka. Anayeshika spana ni wewe. Fungua hayo magumu ufunge yangu kabla ya mashindano ya tarehe kumi na sita.

Mama mkwe wako,
Teresa


Homa Bay
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi hatujambo, na goti la mama linaendelea vizuri, ameanza hata kwenda sokoni mwenyewe. Omanga amefika salama.

Mama, umeniuliza matairi yamefungwa kwenye gari la nani. Swali hilo limeniuma. Mawili yako stoo, yamefunikwa kwa gunia, hayajagusa barabara. Mimi sijaoa kwenu ili niwaibie.

Tulipofunga yote manne gari lilikataa kona. Unazungusha usukani, lenyewe linanyooka tu kama ng'ombe anayerudi nyumbani. Tukarudisha magumu nyuma, likaanza kugeuka, na Celestine akawa wa kwanza kwenye mazoezi, mbele ya wanaume wote wa kilabu cha mbio. Injini iko mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanavuta, na ndiyo yanageuka. Kazi yote iko huko. Tena ni nani Migori nzima haweki tairi nzuri mbele? Wewe mwenyewe unawafungia wateja mapya mbele, nilikuona siku nilipokuja kuposa.

Kwa hivyo tumeamua, na litabaki hivyo. Celestine anakusalimu.

Mkwe wako,
Levi


Suna, Migori
Jumanne, 11 Machi 2025

Mkwe wangu,

Salamu. Umeuliza habari zangu? Hukuuliza. Presha imepanda, na aliyeipandisha ni wewe.

Usinifundishe duka langu. Mtu wa Probox ya mboga anayekwenda Isebania namfungia mapya mbele kwa sababu anaogopa tairi la mbele lipasuke usukani umtoke. Ndivyo nilivyomkuta marehemu mume wangu akifanya, na ndivyo mji mzima unavyofanya. Lakini mapya yake na makuukuu yake ni ya aina moja, na yeye haingii kona kama mtu anayefukuzwa. Wewe umechanganya aina mbili zisizojuana, na mtoto wangu yumo ndani!

Kama gari linakataa kona, ongeza upepo wa nyuma kidogo, jaribu, ongeza tena. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Kuinyima nyuma tairi ili mbele ionekane hodari ni uvivu, Levi. Tena kugeuka upesi si sifa. Hata mlevi hugeuka upesi.

Boma lako siwezi kulikanyaga hivi hivi bila kualikwa, hilo nalijua. Lakini uwanja wa mbio si boma lako. Jumapili nitakuja. Nikikuta magumu bado yako nyuma, nitasimama mbele ya gari hilo, na kilabu chenu chote kitanikanyaga kwanza.

Mama mkwe wako,
Teresa


Homa Bay
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mama,

Salamu kutoka wodini. Mfupa wa bega la Celestine umeunganishwa, mguu umefungwa plasta, na daktari anasema kichwa hakina neno. Leo amekunywa uji akamaliza. Hiyo ndiyo hali yetu.

Jumapili nilipokupigia, ulisikia kwamba yu hai, halafu ukaniita muuaji na kukata simu. Tangu hapo hushiki simu zangu. Neno hilo nimekula nalo na kulala nalo hapa kwenye benchi. Leo nalirudisha kwako kwa sababu si langu.

Ilitokea vile vile ulivyosema. Kwenye ile kona ya chini, upande wa ziwani, gari lililomtangulia lilipunguza mwendo. Celestine akaachia mafuta, nyuma ikapita mbele, na gari likaenda kugonga ukuta kwa ubavu wa dereva. Ulikuwa sawa kabisa. Lakini aliyetaka magumu nyuma hakuwa mimi.

Barua yako ya pili ilipofika nilifungua magumu, nikafunga yako, upepo nikaongeza. Jumamosi akaja akaona. Akaniambia, "Levi, hii gari ni yangu, na mimi ndio nakaa ndani. Rudisha." Nikakataa. Akachukua jeki, akarudisha mwenyewe. Akaniapisha nisikwambie, maana aliogopa ungemwaibisha mbele ya kilabu. Hata ile "tumeamua" ilikuwa yake. Nilibeba lawama zako kwa sababu ni mke wangu, na sasa nimechoka kuzibeba.

Niambie, Mama, kwa nini hukumwandikia yeye? Barua zote mbili kwangu, kana kwamba mwanamume akishika spana ameshika na usukani! Na anayefikiri hivyo ni wewe, mwanamke mwenye duka la matairi. Angekusikiliza. Jana nilimuuliza alipata wapi uhakika ule wote. Akasema, "Nilikuwa namshikia Mama tochi dukani, kila siku namsikia akiambia watu mpya mbele, mpya mbele. Sasa Mama anaweza kuwa amekosea maisha yote?"

Ulisema utakuja uwanjani. Nilikungoja langoni mpaka wakawasha magari.

Mkwe wako,
Levi


Suna, Migori
Jumamosi, 22 Machi 2025

Levi mwanangu,

Pole. Pole kwa kuuguza, na pole kwa hilo benchi. Mimi sijui niseme sijambo au nisemeje, ila namshukuru Mungu kwa kichwa cha Celestine.

Neno nililokuita nimelichukua. Halikuwa lako.

Uwanjani sikuja kwa sababu kaka yangu Mochama aliniambia ni aibu mama mkwe kugombana na mkwe hadharani. Eti Kegonga nzima itatucheka. Nilikuwa nimeshavaa, Levi, viatu na kitambaa. Nikavua nikakaa. Nikikumbuka nilivyokaa kwenye kile kiti, nataka kukipasua. Mochama nimeshampa yake, na bado sijamaliza.

Jana alikuja mteja na matairi mawili mapya. "Mama, weka mbele." Nikamwambia yanakwenda nyuma. Akabisha, akasema mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo. Nikamwambia basi leo namfundisha tena. Akachukua matairi yake akaenda duka jingine, na aende.

Bahasha ndogo iliyo ndani ni ya Celestine. Ina maneno makali, usiifungue. Yale mawili ya stoo yatoe kwenye gunia. Akipona atataka tena kuendesha, namjua, na siku hiyo atayafunga yote manne kwa mikono yake, mimi nikiangalia.

Jumatatu nakuja. Hospitali si boma lako. Najua nikiingia wodini wewe utasimama, uinamishe kichwa, unipishe utoke nje, kama mkwe mwenye adabu. Usitoke. Nina hasira nawe bado kwa kunificha, na siwezi kukugombeza ukiwa nje.

Mama yako,
Teresa