Nilimchora Pacha Wangu kwa Makosa, Sasa Mama Hanioni Mimi

Shangazi mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie, maana kukaripiwa najua nitakaripiwa, na sina mwingine wa kumweleza haya bila kuonekana nimerukwa na akili.

Mimi ni mchoraji katika kampuni ya matangazo, tuko wachoraji wanne chumba kimoja ghorofa ya juu, tunachora mabango, pakiti za maziwa, vijitabu vya kliniki, chochote mteja anachotaka, na kila meza ina kioo kidogo kwa sababu ukitaka kuchora mtu aliyeshangaa huna haja ya kumtafuta, unajishangaza mwenyewe kwenye kioo na kuchora unachokiona, ila ukimaliza lazima uigeuze picha, kulia kuwe kushoto, kwa kuwa kioo kinakuonyesha kinyume, na hilo mgeni yeyote kwetu hufundishwa siku ya kwanza. Pia tuna ghala la sura kwenye kompyuta, yaani watu waliokwisha kuchorwa ambao tunawapanga nyuma ya picha, kwenye foleni, kwenye ngazi, kituo cha basi, na yeyote kati yetu anaweza kumchukua yeyote humo, akamvika nguo nyingine na kumtumia.

Nilikuwa na pacha. Alifariki mwaka jana, homa tu, alilala kichwa kinamuuma na hakurudi tena kutoka hospitali. Tulifanana mpaka walimu walikata tamaa, isipokuwa alama nyeusi ya kuzaliwa, yangu iko shavu la kushoto, yake ilikuwa la kulia, na mama alitutofautisha kwa hiyo. Yeye alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo nyumbani mimi naitwa Wa Pili mpaka leo.

Baada ya mazishi nilirudi kazini upesi, watu wakanisifu kwamba nina moyo mgumu, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa mwanamke wa kusimama mwisho wa foleni kwenye pakiti ya maziwa, nikajitazama kwenye kioo nikachora, nikasahau kugeuza, na nilipoinua kichwa dada alikuwa ananitazama kwenye skrini, alama yake shavu la kulia kama alivyokuwa. Shangazi, kumgeuza ni kubonyeza mara moja. Sikuweza. Nikamweka ghalani hivyo hivyo, na wenzangu walipouliza huyu si wewe, nikasema ndiyo, ni mimi.

Tangu hapo mambo hayakukaa sawa. Lilipotoka bango la kliniki nikamwona dada ameketi kwenye benchi, mjamzito. Nikamwendea mwenzangu tunayemwita Kofia, maana bango lilikuwa lake, nikamuuliza kwa utani kama ni yeye aliyempa mimba. Akacheka akasema, "Usinisingizie, mke wangu asije akasikia. Nimemkuta hivyo ghalani, nikadhani umembadilisha wewe." Mimi sikumgusa. Nikamuuliza Bi Rangi, yule anayetutilia rangi, naye akasema alipaka gauni tu, tumbo lilikuwepo. Halafu likaja bango la shule, dada amemshika mtoto mkono, uso umejaa kidogo kama wa mtu aliyezaa, nywele mbili tatu nyeupe juu ya sikio, na mtoto ana paji la uso la mama yangu. Alikuwa nyuma kabisa kwenye maziwa, katikati kwenye kliniki, na sasa amebakiza watu wawili tu afike mbele. Mkuu wetu wa kazi alilitazama akasema, "Huyu mwanamke wako ana maisha," na wote wakakubali, na hakuna hata mmoja aliyesema ni yeye aliyechora.

Ningenyamaza, lakini bango la kliniki walilibandika kituo cha basi karibu na kwetu na mama akaliona. Sasa kila alasiri anakwenda pale, anaketi kwenye benchi kulielekea, anaongea nalo kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za jirani, za maji kukatika, na watu wanaosubiri basi wameshamzoea. Nikamfuata nikasimama mbele yake nikamwambia, mama, huu ni mchoro, nimeuchora mimi. Akanijibu bila hasira, "Najua ni wewe, nani mwingine angemjua? Sogea kidogo, Wa Pili, unamziba."

Nikasogea, Shangazi, na kilichoniumiza ni kwamba nilisogea.

Siku chache baadaye, tunakula, akaniuliza kama mtoto wa dada ameshazoea shule. Bango la shule lilikuwa halijachapwa. Lilikuwa kwenye kompyuta zetu tu, na mama hajawahi kukanyaga ofisini kwetu. Nikamuuliza mtoto gani, akanitazama kama mtu aliyechoka kueleza, akaondoa vyombo mezani, na tangu siku hiyo hanisemeshi ila kwa mambo ya dada, mimi nimerudije, nimekula nini, ninaumwa au siumwi, hayo hayaulizi tena.

Sasa kuna kampuni ya rangi za nyumba imetupa kazi ya bango kubwa la ukutani, na ukuta wenyewe unatazamana na dirisha letu la sebuleni. Mkuu amemchagua dada asimame mbele peke yake, anapaka ukuta na kucheka. Juzi asubuhi nilifungua faili nianze kumchora, nikakuta ameshachorwa, amekamilika, ameuelekeza uso wake nje. Na nyuma yake, upande wa pili wa dirisha lililochorwa kwenye ukuta huo, kuna mwanamke mdogo amepakwa rangi hafifu kama tunavyowapaka watu wa nyuma, miguu haijamaliziwa. Nikavuta picha karibu. Alama yake iko shavu la kushoto. Ni mimi. Nimewekwa nyuma. Nimewauliza wote watatu na Mkuu, kila mmoja anasema alidhani ni kazi yangu.

Mkuu anasubiri niseme picha iko tayari waichape wiki hii. Nikimfuta dada ghalani nitakuwa nimemuua mara ya pili kwa kidole changu, na mama atajua ni mimi. Nikimwacha, atapanda ukutani mbele ya dirisha letu na mama hatageuza shingo tena kunitazama maisha yangu yote. Sina mzazi mwingine, baba simjui. Nifute au niache?

Ni mimi, Wa Pili.

SHANGAZI ANAJIBU

Wa Pili, pole kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu nimeisoma barua yako mara mbili na sijaona mahali ambapo mtu alikupa. Walikusifu kwa moyo mgumu wakakupa foleni ya maziwa uchore. Na wewe ukakubali, ukaona kulia ni kwa wengine.

Sasa nikukaripie. Waliokuuliza kama yule ni wewe ulikuwa na nafasi ya kuwaambia ni dada yangu, amekufa, nimeshindwa kumgeuza. Nani angekucheka? Badala yake ukamkabidhi marehemu kwa watu wamvike na kumvua wapendavyo, na wao maskini hawajui wanachokishika. Halafu unakuja kuniuliza ufute au uache, kama vile mama yako anakaa ndani ya kompyuta.

Unataka kujua nani anachora. Sijui, mwanangu. Labda Kofia anakutania, na kama ni utani basi hana haya. Labda ni mkono wako mwenyewe, maana waliofiwa hufanya mengi wasiyoyakumbuka asubuhi. Na habari ya mama kumjua mtoto kabla ya bango, hiyo imenisisimua mwili na sitajifanya nina maelezo. Lakini usikae kumvizia mchoraji. Hata ukimkamata, mama yako bado atakuwa kituoni.

Fanya hivi. Kesho ukiingia kazini nenda moja kwa moja kwa Mkuu, mlango ukiwa wazi, umwambie ukweli wote, hata ule unaokutia aibu. Mwambie uso ule ni wa marehemu na familia haijaridhia uende ukutani. Mwenye akili timamu atabadilisha picha siku hiyo hiyo. Akikataa, ondoa sahihi yako kwenye kazi hiyo na uniandikie, nitamjibu mimi. Dada umtoe ghalani, lakini usimwangamize. Chapa picha moja tu, ile ya kwanza ya foleni, kabla hajapewa tumbo wala mvi, akiwa na umri aliofia. Hiyo ni ya nyumbani. Na yule mdogo wa nyuma ya dirisha mfute mwenyewe, palepale, wala usimwonee huruma. Wewe hujafa.

Kisha mpelekee mama picha hiyo na umwambie kwa maneno haya haya: mama, dada hakuzaa, dada amekufa, nimebaki mimi. Atakukasirikia. Anaweza kukwambia umemnyang'anya mjukuu. Mwache aseme, usijitetee, usimwonyeshe jinsi kioo kinavyofanya kazi. Lia naye. Nadhani nyinyi wawili hamjawahi kulia katika chumba kimoja tangu mazishi, kila mtu analinda moyo wa mwenzake. Akiendelea kuhesabu wajukuu baada ya hapo, mpeleke kwa daktari, na umsindikize wewe, usimtume na jirani. Na alasiri akitaka kwenda kituoni, usimzuie na usisimame mbele yake. Nenda naye, mkakae wote.

Jambo la mwisho, na hili sikupanga kuliandika. Safu hii huwekewa mchoro, na mchoraji wetu sikumpa barua yako, nilimwambia tu kuna mama mmoja hupenda kuongea na mabango. Ameniletea benchi, na mama ameketi upande mmoja, ameelekeza uso kwenye nafasi iliyo wazi kando yake, mdomo wazi, katikati ya maneno. Nikamuuliza kwa nini hajachora mtu pale. Akasema alijaribu, walikuwa wawili wanamjia mkononi, hakujua amkalishe yupi, akaona aache. Nimemwambia aende nyumbani akapumzike, na mchoro nimeukataa, ndiyo maana leo huoni picha juu ya jibu hili.

Nafasi bado iko wazi, Wa Pili. Nenda leo ukaikalie.