Jibu la London Halikufika Kilimani

Baba,

Mimi na Kaka Seif hatukusemezana tangu tulipokuzika mpaka leo. Nakuandikia maana tuligombana kwa ajili yako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia jikoni hapa Walthamstow, London, chai ikipoa mbele yako? Mfalme wa kule nyumbani alitaka makao makuu ya mkoa yahamishwe kutoka bondeni, kwenye maji na homa, yapelekwe kilimani. Babu, mwashi wake, akatangulia kupanda na familia, akajenga misingi ya msikiti. Wakubwa wa Kiingereza wakasema ngojeni, ardhi haijapimwa. Kisha ngojeni, London haijajibu. Mfalme akafa. Babu akazeeka akingoja. Alipofariki, wakakataza asizikwe kule juu, eti mji bado haujaidhinishwa. Maiti ikalala ndani mkisubiri ruhusa, mwishowe mkamteremsha bondeni. Nawe, mtoto mdogo, ukaona maji yakijaa kaburini hata kabla hajashushwa.

"Mimi msinisubirishe," ulikuwa ukituambia. "Popote nitakapofia, nizikeni."

Ukafia hapa. Seif alitaka kukusafirisha nyumbani. "Unamwacha Baba kwenye baridi hii, kwa Waingereza hao hao?" alinifokea mbele ya watu waliokuja kutupa pole. Vibali vingechukua siku nyingi. Nikakataa. Ukazikwa kesho yake. Mume wangu aliporudi kutoka makaburini nilimwuliza kama udongo ulikuwa mkavu. Akasema ndiyo. Nikamwuliza tena.

Idi ilipofika nilipika biriani ya watu wengi, tukala watatu tu. Mwanangu akakaa kwenye kiti chako. Nikamwinua, kisha nikaona haya, nikamrudisha.

Nilikutii, Baba. Lakini sikujua kukutii kutaniuma hivi.

Leo mchana simu ikalia. "Niko kwa Baba," Seif akasema. "Njoo."

Nilimkuta amechutama pembeni mwa kaburi lako, koti limelowa mvua, anaokota majani yaliyoanguka moja moja. Hakunitazama. Hakusema amenisamehe. Akasogea kidogo, nami nikachutama. Tukakusomea Yasini, sauti yake ikakatika katikati, nikaendelea mimi mpaka akaweza kunifuata.

Basi pumzika, Baba yangu. Mola akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi jambo moja: akininunia tena, nitakwenda mwenyewe mlangoni kwake, nigonge mpaka afungue.

Binti yako,
Salma