Hodi kwenye Mlango wa Karatasi

Dodoma, Alhamisi, baada ya magharibi

Na kosa lenyewe ni tundu dogo tu! Mvua ilivujia daftari la kuandikia simu ninalolitunza stesheni, nikalifungua likiwa bado limelowa, ukurasa ukatoboka. Bwana wa stesheni, Mdachi, akanifokea mbele ya wapagazi: "Kesho nataka ukurasa mzima. La sivyo, viboko hamsa ishirini!"

Nikaukumbuka ule mji wa Japani, enzi nikiwa mpishi wa meli ya Wadachi. Tulitia nanga, nikamfuata nahodha bara. Mji mzima unatengeneza karatasi: wanaponda magome ya miti, wanachota rojo yake kwa chekeche, wanaianika mbaoni. Hata milango ni ya karatasi. Mimi mtu wa pwani ningejuaje? Nikapiga hodi kama kwetu, ngumi ikapenya hadi ndani.

Bibi mwenye nyumba hakufoka. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakata karatasi umbo la ua, akaziba tundu. Nilipoaga akanipa karatasi moja. Miaka yote hii sijathubutu kuiandika hata herufi.

Leo nimeikata. Mke wangu, Mgogo wa Ihumwa, ndiye aliyenikorogea uji wa kubandikia.

"Unaiharibu kwa ajili ya Mdachi?"

"Si kwa ajili yake."

Akanisogezea bakuli la uji.

Sasa daftari la serikali lina ua. Kesho akitaka kunichapa, anichape. Mimi natamani jambo moja tu: kupiga hodi tena kule, nisikie kile kicheko upande wa pili.