Ndala za Kufungulia Friji

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Natumaini hapo kijijini Mbingu mmeamka salama na mguu wa mama umepungua kuvimba. Mimi na Neema huku Dar es Salaam hatuumwi. Utanisamehe mwandiko, naandika kwa haraka.

Jana nilikupigia simu nikakwambia, "Dada, chomoa friji." Ukacheka. "Si navaa ndala, mdogo wangu? Friji lako tumeshalizoea." Nikakata simu, maana yaliyobaki nilishindwa kuyatamka. Nayaandika.

Friji la hapa ninapofanya kazi lilianza kunipiga umeme wiki hii, kidogo tu, kama siafu. Sikushangaa. Nikatafuta ndala kuukuu nikaziweka mbele yake, kama tulivyofanya nyumbani siku zote. Mama mwenye nyumba akaziona.

"Hizi za nani jikoni?"

"Za kufungulia friji, mama."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, akazima umeme palepale, akamwita fundi.

Fundi ni mzee mpole. Nikamwambia, "Hata letu kijijini liko hivyo, miaka yote." Akaweka bisibisi chini, akanigeukia.

"Mama, friji zima halimpigi mtu. Likikupiga, umeme umevuja hadi kwenye bati lake la nje. Siku utakayolishika miguu ina maji, huamki."

Akanionyesha waya wa kijani na manjano uliokatika. Huo, alisema, ndio unaopeleka umeme ardhini usipite mwilini mwa mtu.

Dada, waya ule naujua. Baba Neema aliukata kwa mkono wake siku tuliyoleta friji. Alisema ni wa ziada, mbona linagandisha bila huo. Akaufungia mlango wa banda letu la kuku. Ukipita kwetu utauona, bado upo.

Unakumbuka alivyokuwa akivaa ndala, anasimama mbele ya friji na kusema, "Hodi, mkali!" watoto wakicheka. Na siku ile unaikumbuka. Alitoka kupandikiza mpunga, matope hadi magotini, akanawa miguu uani, akaingia kutafuta maji ya baridi. Nilimkuta chini, mlango wa friji wazi, chupa imeviringika hadi mkekani. Watu wakasema ni moyo, nami nikakubali.

Ndala hazikuwa mahali pake mbele ya friji, dada. Nilikuwa nimezivaa mimi kwenda bombani.

Labda ulikuwa moyo kweli. Hatutajua tena. Lakini friji hilo nilikupa mimi nilipoondoka, pamoja na ndala zake, na sasa wanao wanalifungua kutwa nzima kuuza barafu, mikono imelowa. Mimi nimeshazika mmoja.

Usiguse mlango wake. Vaa viatu, simama pakavu, zima kwenye soketi, ndipo uchomoe. Barafu ziache ziyeyuke. Lisiwashwe tena mpaka fundi wa umeme alikague.

Mama umpe shikamoo yangu, na shemeji, na mjomba anayenitazamia shamba. Lakini hizo salamu zisubiri. Ukifika hapa weka barua chini, kachomoe kwanza.

Ndala zile usizitupe. Nitunzie.

Mdogo wako,
Mama Neema