Papa Mkwe, Pampu Yako Imekubali

Papa Mkwe,

Kaa vizuri nikusimulie, maana najua ungeanza kucheka kabla sijamaliza.

Tangu tukuzike, pampu yako ya pisini, lile bwawa la kuogelea la klabu, ilitutesa. Ukiiwasha inanguruma vizuri, maji yanazunguka, halafu kabla chai haijapoa inaanza kulia kavu. Tunaizima, tunaijaza maji kwa ndoo, tunaiwasha, inatembea kidogo, inakataa tena. Klabuni walisema ni uzee. Majirani walisema wewe ndiye umekasirika. Niliwajibu kwamba Papa Mkwe akikasirika husema mwenyewe, tena kwa sauti.

Utauliza karani wa bandari kama mimi alifuata nini huko. Ni Mama, mkeo. Anataka kubatizwa. Mchungaji wetu, mtu wa kaskazini ya ziwa, anazamisha watu mzima mzima, na kwa kawaida huwapeleka ziwani. Mama ziwani haingii, unajua, tangu mtumbwi ulipopotea na dada yake. Alisema atabatizwa katika maji ya mume wake ama basi. Siku hizi klabu ni ya watu wote, na msimamizi akakubali. Yale maji uliyoyasafisha miaka yote bila ruhusa ya kutia hata kidole cha mguu! Nilifurahi mno.

Lakini pampu ikisimama maji yanageuka kijani, vyura wanahamia, na mchungaji alikataa kumzamisha mtu mahali asipoona miguu yake mwenyewe. Ubatizo ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Mwishowe akasema Jumapili ijayo wengine wataenda ziwani, Mama atabaki. Siku hiyo Mama hakugusa chakula. Mke wangu aliniangalia tu, na wewe unamjua binti yako akiangalia.

Basi nikaenda. Nilisafisha kichujio, nikatoa majani na chura mmoja mwenye kiburi. Nikabadilisha mpira wa kifuniko. Fundi wa umeme akapima mota, akasema ni nzima kuliko sisi. Tukatafuta mahali panapovuja, lakini sakafu ilikuwa kavu kabisa, na hapo ndipo tulipopotea.

Halafu mdogo wako akaja kwa treni kutoka Nyunzu, amevaa shati lako la kaki. Matanga yalipoisha ndugu waligawana nguo zako, na mashangazi walifika mpaka kibanda cha pampu kukusanya ulivyoacha: kofia, kiti, na shati lililofungwa kwenye bomba. Wakalifua, wakalipiga pasi, akapewa yeye. Sasa analalamika: "Hii shati ya mukubwa yangu naifula kila siku, lakini inanuka girisi tu, mpaka mu kanisa bantu banageuka."

Alipogeuka na yeye, nikaona mgongoni alama ya kutu, duara, upana wa kiungo cha bomba. Papa Mkwe! Kumbe hukulitundika. Ulikuwa umeziba ufa.

Nilikimbia klabuni na kipande cha sabuni. Nikawasha pampu, nikapaka povu kwenye kiungo cha bomba linalovuta maji, likamezwa pale pale. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu: ufa haukuwa unatoa maji, ulikuwa unaingiza hewa, na pampu ikishiba hewa haivuti maji. Shati lako nisingeweza kuliomba, mkwe haombi nguo ya baba wa mke wake. Nikavua langu, lile jeupe la kazini, nikalilowesha girisi, nikalizungusha kwenye kiungo na kulikaza kwa waya. Nilirudi nyumbani kifua wazi, watoto wa mtaa mzima wakinifuata. Lakini pampu haijasimama tangu hapo.

Jumapili maji yalikuwa safi, unaona vigae vya chini. Mimi sikusimama ukingoni na wenzangu. Mkwe hawezi kumtazama mama wa mke wake akitoka majini na nguo zimemganda mwilini. Nilikaa kibandani mwako, nimefunga mlango, mkono juu ya bomba. Kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia wimbo, nikamsikia mchungaji, kisha maji yakaruka, na Mama akapaza sauti kukuita wewe: "Papa! Maji yako iko baridi, na haukuniambia!"

Watu wakacheka. Naye akacheka, Papa Mkwe, kicheko kirefu, cha kwanza tangu utuache. Nililia humo ndani, na ngurumo ya pampu ikanisitiri.

Pumzika sasa. Kiungo kipya nimekiomba karakana ya reli. Hata kikifungwa, nakuahidi nitapita kila asubuhi kuiwasha pampu kabla ya kwenda bandarini, maana Mama sasa anasema anataka kujifunza kuogelea. Maji yatakuwa safi, hilo niachie mimi. Mwalimu mtafutie wewe.

Mkwe wako anayekukumbuka.